Madonge Mawili ya Mama Mkwe

Jumapili, 4 Mei

Nimemkosea mkamwana wangu. Naliandika hilo kwanza, kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea nakujua sana.

Marehemu mama mkwe alikuwa anasokota sufu kwa mkono na kuwafumia watoto wake masweta. Wote walipata, isipokuwa kitindamimba, huyu shemeji yangu. Mama alipofariki aliacha madonge sita tu ya uzi, rangi ya majivu. Mke wangu akaapa kumfumia mdogo wake kwa uzi huohuo. Manne mwili, mawili mikono.

Jumatano nilikuwa nasafisha cherehani ya mteja mezani, nyumbani — nyumbani, na kibanda cha kazi ninacho! Kopo la oili likapinduka juu ya kapu la kufumia. Madonge mawili yakalowa. Mke wangu alikuwa sokoni. Nikayatumbukiza kwenye beseni la maji moto na sabuni ya unga, nikasugua kama nasugua kola ya shati. Yalipotoka hayakuwa uzi tena. Yamegandamana, magumu, madogo kama viazi. Natafuta ncha — hakuna ncha.

Nikayatia kwenye mfuko, nikakimbia nayo kibandani, nikayafungia kwenye sanduku la vifaa.

Jioni mke wangu akahesabu. Manne. Akamgeukia mkamwana, mke wa mwanangu, anayeishi nasi na ana mimba ya miezi saba. Juzi yake tu alikuwa ameomba uzi kidogo wa kofia ya mtoto, akajibiwa kwamba huu ni wa marehemu, haugawiwi. Sasa akaulizwa kama amechukua. Akasema hapana. Akaulizwa tena, kwa sauti nyingine. Mimi nilikuwa nakunywa chai. Nikaendelea kunywa chai.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Jana kafunga begi, kaenda kwa shangazi yake. Mwanangu alimbebea, na aliporudi hakumsalimia mtu.

Alhamisi, 8 Mei

Leo mke wangu kaja kibandani kutafuta futi ya kupimia. Akaweka mkono juu ya sanduku. Akaniuliza mbona nimesimama kama mtu anayepigwa picha. Futi ilikuwa shingoni mwangu.

Alipoondoka nikaenda kwa yule bibi anayeuza sufu, wanayemwita Bibi Manyoya. Nikamwambia nataka kujifunza kusokota. Akanitazama kuanzia viatu. Akasema mwanaume anayetaka kusokota, ama mkewe mgonjwa, ama yeye ana kosa. Nikasema mke wangu ni mzima. Akacheka mpaka akakohoa.

Kanipa sufu ya rangi ya majivu na kijiti chenye kisahani cha mbao chini. Unakizungusha, kinaning'inia, kinasokota. Kwake kinasokota. Kwangu kinaanguka.

Jumapili, 18 Mei

Uzi unakatika. Naunga, unakatika. Nafunga pazia la kibanda, nasema napiga hesabu ya vipuri.

Mama Mshono, mshonaji wa kibanda cha pili, alichungulia. Manyoya yalikuwa yamejaa kwenye ndevu zangu. "Fundi, umeanza kutaga?" Nikamwambia nasafisha mto wa kiti. Siku nzima ananiwikia kutoka upande wa pili wa ukuta.

Lakini mkono umeanza kuelewa. Donge la kwanza limekwisha jana, la pili nusu. Mpango ninao. Nitayaangusha nyuma ya kabati. Mke wangu atayaokota. Ataona kumbe yalidondoka, atamrudisha mkamwana, na hakuna mtu atakayekuwa amekosa. Ni mpango mzuri mpaka ukanitisha.

Jumanne, 27 Mei

Yamepatikana. Nilikuwa nanyoa ndevu, nikasikia ufagio umesimama. Nikahesabu mpaka kumi. Nilipotoka, mke wangu alikuwa amekaa sakafuni na madonge mapajani, analia bila sauti. Akasema amemsingizia mtoto wa watu, tena mjamzito. Akasema atamaliza mikono, kisha aende kwa shangazi mtu kuomba radhi.

Nikamwambia hayo ni ya kawaida, kila nyumba ina lake. Eti mimi ndiye namfariji!

Halafu akanusa donge. Akasema halina harufu ya mama. Nikasema ni vumbi la kabati. Akanusa tena.

Chakula kilipita vizuri. Usingizi haukuja.

Jumamosi, 31 Mei

Mke wangu kanituma kwa shangazi mtu na nguo za mtoto, nitangulize habari njema.

Mkamwana aliniletea kiti, akaniletea maji. Miguu yake imevimba, anavaa malapa ya kiume. Nikamwambia kwamba uzi umeonekana, ulikuwa nyuma ya kabati, mama yako anakuja mwenyewe, yaishe. Nilisema haraka haraka kama mtoto aliyekariri shairi.

Alikuwa anaangalia chini. Akasema, "Baba, sufu haioshwi kwa maji moto."

Nikajifanya sijasikia, nikanywa maji.

Akaniambia siku ile alikuwa anatoka uani. Aliniona kwenye beseni. Aliona kila kitu — oili, sabuni, nilivyokimbia na mfuko.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesemaje, Baba? Nimsemee mkwe wangu mbele ya mkewe? Nilingoja useme mwenyewe. Siku ile nilingoja mpaka ukamaliza kikombe."

Hakunilaumu kwa neno jingine. Akaniuliza kama nitakula. Nikasema nina kazi.

Jumatano, 4 Juni

Nimeharibu zaidi.

Mke wangu kashona mikono kwenye sweta, kalitandaza mezani. Akaniita.

Masweta ya mama mkwe yote yanainamia kushoto kidogo. Yule mama alikuwa mashoto. Kijiti alikizungusha kwa mkono wa kushoto, uzi wake ukajisokota kushoto, na sweta likishafumwa linajivuta upande huo. Ndugu wote wakikaa pamoja wanaonekana kama wameegemea ukuta mmoja. Utani huo naujua kwa miaka ishirini na sita. Nimeufanya mwenyewe! Na mimi nimesokota kwa mkono wa kulia, kichwa kimejaa uoga, bila kufikiri.

Mwili umeinamia kushoto. Mikono imeinamia kulia. Kama mtu anayekwenda huku na moyo wake kule.

Mke wangu akachukua kipande cha uzi, akakifungua sokoto kwa vidole, polepole. "Huu si mkono wa mama."

Nilidhani ameshanijua. Afadhali angenijua. Akasema mkamwana ndiye aliyechukua ule wa mama, kisha akatafuta wa kufanana, akamtuma mumewe auweke nyuma ya kabati. Kumbe si mwizi tu, ni mjanja. Na yeye alikuwa tayari kwenda kumpigia magoti. Sasa kampigia simu shemeji aje Jumamosi saa nne, tukae sote, mwanangu aambiwe. Mke wake asirudi humu ndani. Hata akijifungua, ajifungulie kwao.

Nikasema labda.

Labda nini?

Nikasema labda chai imepoa.

Alhamisi, 5 Juni

Saa sita mchana, kibandani. Leo asubuhi mwanangu kapita mlangoni, kanyoosha kidole kwenye kijiti cha kusokotea kilichosahaulika juu ya benchi, kaniuliza ni cha nini. Nikasema ni cha mteja. Akaniangalia sana. Ana macho ya bibi yake.

Naogopa. Simwogopi mke wangu kwa kelele, hana kelele. Naogopa atakavyokunja lile sweta. Uzi wa mama yake haupatikani popote duniani, na mimi niliusugua kwa sabuni ya nguo. Nikamwacha alie sakafuni, nikampigapiga bega.

Lakini kuna mtu anakaa kwa watu, miguu imevimba, anafunika aibu yangu kwa nguo yake. Na mtoto anakuja Julai.

Nimefungua sanduku. Nimeyatoa yale madonge. Yako hapa juu ya cherehani, mawili, bado yananuka oili.

Namsikia mke wangu nje. Kaja na sweta, anamwonyesha Mama Mshono, anamuuliza nani mjini hapa anasokota uzi wa namna hii. Mama Mshono anacheka. Anamwambia asihangaike mbali, amuulize mumewe, aliyekuwa anataga manyoya mwezi mzima.

Sasa hakuna anayecheka.

Naandika upesi ili yasifutike. Hata akijua kila kitu dakika hii, haitoshi ajue kwa mdomo wa jirani. Keshokutwa, Jumamosi tarehe 7, alfajiri nitakwenda kwa shangazi mtu, nimchukue mkamwana mimi mwenyewe. Saa nne, yeye akiwa amekaa kwenye kiti changu, nitaweka madonge haya mezani mbele ya shemeji na mwanangu na mama yake, na nitasema kwa mdomo wangu: ni mimi, na huyu alijua, akanisitiri.

Pazia limeguswa. Madonge siyafichi