Mama Ana Miaka Sitini na Saba, Kitambulisho Kinasema Hamsini na Nne

Shikamoo Bi Natalia. Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo ukiona nimepitiliza nivumilie, maana hata usingizi sina tena.

Naitwa Tumwagile, nakaa Masanze na mama yangu mzazi, Raheli, ambaye ana presha, na daktari kule Kilosa alimwambia dawa ni kila siku maisha yake yote, tena wakatuambia mzee wa miaka sitini na kuendelea anatibiwa bure, nikafurahi kweli, nikatoa kitambulisho chake cha taifa, dada wa dirishani akakiangalia, akamwangalia mama, akasema, "Huyu bado ana miaka hamsini na nne, mlipie." Bi Natalia, mama ana miaka sitini na saba! Mvi kichwa kizima! Lakini nilinyamaza, kwa sababu aliyeandika huo umri ni mimi.

Mama alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge, na nyapara wao alikuwa hamchukui mwanamke aliyepita hamsini, kwa hiyo akina mama wote pale walikuwa wanapunguza miaka, hata walikuwa wanataniana nani kazaliwa upya mwaka huu, basi siku ya kujiandikisha kitambulisho mama akaniambia andika 1971, yeye kusoma hajui, kalamu nilishika mimi, nikaandika. Sasa shamba lenyewe halimtaki tena, umri wa uongo ndio umebaki.

Duka la dawa wananiuzia boksi la mwezi elfu ishirini na mbili, mimi nalima mpunga kwenye shamba la kukodi, nikampigia kaka yetu mkubwa, Lupakisyo, aliyezaliwa 1979, ana duka la vipuri vya pikipiki Mikumi, akanijibu, "Mama si kijana bado? Kitambulisho si kinasema? Mpe vitunguu saumu." Akacheka! Halafu nikagundua mama anameza kidonge leo, kesho anaruka, ili boksi lifike mbali, na Jumatatu akaanguka shambani, mdomo ukaenda upande mpaka jioni ndipo ukarudi. Nikamwambia twende tukaseme ukweli, akanishika mkono, "Mwanangu, utanifungisha uzeeni. Niache na miaka yangu." Niseme mama aaibike, au ninyamaze niendelee kununua nisichokiweza?

*

Marahaba, Tumwagile. Hasira yako nimeipokea, nimeongeza na yangu, na nyingine nakurudishia wewe mwenyewe.

Mdomo wa mama yako umekwenda upande, halafu wewe ukakaa kuandika barua! Hiyo ni dalili ya kiharusi hata kama ilipita. Mpeleke hospitali leo, si kesho, na umwambie daktari waziwazi kwamba alikuwa anaruka dawa. Asipojua hilo atadhani dawa imeshindwa, amwongezee nyingine ya bei kubwa zaidi.

Nimemkasirikia sana huyo nyapara. Mwanamke anakata mkonge mpaka vidole vinapasuka, halafu ili aendelee kuvipasua inabidi aseme ni kijana! Wewe kosa lako ni kuandika, sawa, na mbele ya mama yako sijui ungekataa vipi. Lakini kunyamaza dirishani ni kosa lako peke yako.

Halafu nyote mmeng'ang'ania umri kama vile hakuna njia nyingine. Msamaha wa matibabu si wa wazee tu, upo na wa mtu asiye na uwezo. Nenda kwa mtendaji wa kijiji akuandikie barua kuhusu hali ya mama, uipeleke kwa ofisa ustawi wa jamii pale pale hospitali. Huyo hakuulizi mama kazaliwa lini, anakuuliza anakula nini. Wakikuambia dawa hakuna, usirudi nyumbani umenuna. Rudi kwa daktari umwambie, "Naomba uniandikie ile iliyopo." Na ukilazimika kununua, mwombe akuandikie jina la dawa yenyewe, siyo jina la kampuni. Huyo wa dukani anakuuzia boksi la rangi nzuri, na inawezekana dawa hiyo hiyo ipo kwenye boksi la kawaida kwa bei ndogo kabisa. Muulize mfamasia, usiliulize boksi.

Sasa kaka yako mcheshi. Kazaliwa 1979, na mama yake kwa kitambulisho kazaliwa 1971. Yaani alimzaa akiwa na miaka minane! Tumwagile, mmekaa na kichekesho hiki ndani ya nyumba na hakuna aliyekiona? Mwambie Lupakisyo afunge duka siku moja, apande gari la Kilosa na cheti chake cha kuzaliwa mkononi. Chukueni na cheti cha ubatizo cha mama kama kipo, mwende ofisi ya vitambulisho wenyewe, kabla hamjaulizwa, mseme tulidanganya kwa sababu ya kibarua, tunaomba kurekebisha. Sikudanganyi kwamba ni jambo dogo, mtazungushwa, mtaapishwa, mtaambiwa rudini Jumatano. Rudini Jumatano. Na siku hiyo Lupakisyo atalipa nauli ya wote watatu, bila hadithi.

Usingoje kitambulisho kipya ndipo mama ameze dawa. Dawa ni kila siku kuanzia leo, na ummezeshe wewe ukiwa umesimama mbele yake.

Akikataa kwenda kwa sababu ya aibu, msomee maneno haya, yametoka kwangu. Mama Raheli, ukiendelea kuruka vidonge, hiyo hamsini na nne ndiyo watakayoiandika kwenye msalaba wako. Watoto wako watasimama pale na mvi zao wenyewe, na kila atakayepita njia ya makaburini atasema masikini, huyu alikufa angali kijana, na hakuna atakayejua kwamba uliishi miaka mingine kumi na mitatu.