Steki Tupu Ilivyomlaza Meneja

Bucha la Mjomba,
Nyuma ya soko, mlango wa bluu.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mpwa wangu Kalamu,

Salamu tele zikufikie huko uliko, ziingie chumbani kwako bila kubisha hodi, kama niingiavyo mimi. U mzima? Masomo yanaendaje? Na kile kikohozi ulichomlalamikia mama yako kwenye simu kimekwisha, au bado unavaa visweta vyepesi kana kwamba baridi ni ndugu yako? Sisi huku hatujambo. Presha ya mama yako imetulia. Mimi afya ninayo ya kugawa. Ningekuwa ng'ombe, ningeshagombaniwa mnadani.

Naandika kwa mkono wangu, ingawa unajua nilikomea darasa la sita. Nilitoka mapema kwa sababu dunia ilikuwa inaniita, na huko duniani nimefuzu. Nimekata nyama katika miji mitano, na katika mji mmoja balozi alikuwa akimtuma dereva wake kwangu tu, akiyapita mabucha matatu njiani. Basi mtu wa namna hiyo akikiri kosa, ujue kosa lenyewe lina uzito.

Kosa linamhusu Meneja, mbwa wako.

Nilipokuwa nikikuambia kwenye simu kwamba Meneja hajambo ila amekuwa mvivu, nilikuwa nakudanganya. Meneja alikuwa hawezi kusimama. Mficha maradhi kilio humuumbua, nami niliyaficha wiki nyingi. Usinikasirikie kabla hujafika chini ya karatasi. Mambo yamekaa vizuri, ndiyo maana nimepata ushujaa wa kushika kalamu.

Unakumbuka ulivyomwacha: kitoto cha miezi miwili, miguu minene kama ya meza. Uliacha mfuko wa chakula chake na karatasi ya maelekezo, na mama yako aliifuata kama dawa. Mfuko ulipokwisha, mimi nikasema kwamba mbwa wa ukoo wenye bucha kutafuna vidonge vikavu ni aibu. Nikalibeba jukumu. Kila asubuhi nilimkatia steki tupu, nimetoa mfupa, nimetoa mishipa, nyama ambayo wateja wangu hununua wakipata mgeni. Jumamosi nilimwongezea ini. Nikamwambia mama yako, huyu atakua mpaka tumtie tandiko.

Na mwanzoni alikua kweli. Watu walisimama barabarani kumtazama. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilisifiwa nikazidisha steki.

Halafu miguu ya mbele ikaanza kupinda kama mabano ya hesabu. Ngazi za barazani akawa anazishuka kama mzee aliyebeba trei ya mayai. Mama yako akasema mtoto huyu anaumia. Mimi nikasema anakua, na mifupa ya wakubwa huuma ikirefuka. Nikamwongezea nyama. Siku moja akaruka kutoka kwenye kiti cha mama yako, kimo cha goti tu, akalia mara moja, asiinuke tena.

Hapa nikuambie jambo ambalo mama yako hatakuandikia. Tangu uondoke, alikuwa hatoki. Sokoni alituma watu, na kikundi chake cha ushonaji alikiacha. Aliyemtoa nje ni Meneja. Kila asubuhi walikwenda hadi kona ya fundi baiskeli na kurudi, wakigombania kamba njia nzima. Meneja alipolala chini, naye akarudi chumbani akafunga pazia. Kwa hiyo kisu changu kimoja kilikuwa kimelaza wawili.

Tulimbeba kwenye ubao wangu wa kukatia nyama hadi kwa daktari wa mifugo. Ni binti mdogo, nikiketi ndipo tunalingana, nami nikaanza kwa kumfundisha kazi. Nikamwambia asipoteze muda kwenye chakula, mbwa huyu anakula kunishinda. Akauliza anakula nini. Nikamtajia kwa madaha, pande kwa pande. Akaandika, akampiga picha ya eksirei, akaiweka kwenye mwanga. Mpwa wangu, hakuna mtu mtaani kwetu aliyeona mifupa kunizidi, lakini ile sijapata kuiona. Ilikuwa hafifu kama moshi, na paja la nyuma lina ufa.

Akanieleza kwamba nyama tupu ina fosforasi tele, lakini kalsiamu karibu haina. Na mwili haukai bila kalsiamu kwenye damu, maana moyo na misuli vinaitegemea. Isipokuja na chakula, mwili unaifuata ilipo, yaani mfupani. Kumbe kila siku Meneja alikuwa anang'oa tofali la ukuta wake mwenyewe ili azibe shimo la mlangoni. Na kitoto cha mbegu kubwa, kinachokua mbio, ndicho kinachoanguka kwanza.

Nikabisha, unanijua. Nikamtolea mfano wa Bi Kiroboto, yule paka wetu mwizi asiye na haya. Hakuna anayemkatia steki, anaishi kwa panya, na bado anaruka hadi juu ya kabati la vyombo. Daktari akacheka, akasema nimejijibu mwenyewe: panya huliwa na mifupa yake. Yaani mwizi alikuwa anakula mlo kamili, na mfalme anadhoofika sahani imejaa.

Kisha akasema kwa upole, "Hukumnyima kitu, mzee wangu. Ulimpenda kwa nyama peke yake."

Niliitazama mikono yangu. Miaka ishirini na sita natenganisha nyama na mfupa, sikuwahi kujiuliza mfupa una kazi gani zaidi ya supu.

Daktari hakutuficha kwamba mbwa wa hali ile wengine huombewa sindano ya mwisho. Lakini ufa ulikuwa haujaachana, na umri ulikuwa upande wetu. Chakula kamili cha watoto wa mbwa, na wiki sita za kutulia asiruke wala kukimbia, vingeweza kumrudisha. Mama yako hakumngoja amalize. Alisema hizo wiki sita ataketi naye.

Mimi nikaona nirekebishe mambo kwa mkupuo. Nikasema nitamchemshia mfupa wa paja. Daktari akakataa, mfupa uliopikwa hupasuka vipande vikali, hutoboa utumbo. Nikauliza habari ya unga wa kalsiamu, huku nikiwaza kwamba kijiko kimoja kikimponya, vitatu vitamfanya farasi. Akanisoma usoni. Akasema ikizidi nayo huharibu mifupa ya mtoto, tena huzuia zinki isifyonzwe, kwa hiyo nisiongeze chochote bila yeye. Kila kitu kwa kipimo. Mimi, mtu wa mizani, nafundishwa kipimo. Nikaomba karatasi niandike maelekezo yake, na hilo unajua halitokei kila mwaka.

Nilimtengenezea kizimba kwa mbao za kaunta ya zamani, pembeni ya kiti cha mama yako. Mama yako akafungua pazia ili apate mwanga wa kumshonea godoro. Bi Kiroboto naye alihamia humo akijifanya nesi, kumbe anavizia sahani. Kila Jumamosi nilimbeba Meneja hadi kwenye mizani ya magunia iliyo nje ya bucha, daktari akaandika kilo.

Wiki ya tatu alisimama mwenyewe. Wiki ya sita picha ya pili ikaonyesha mfupa mweupe, ufa umefunga. Miguu ya mbele imebaki na upinde, na huenda usiishe wote. Si kitu, atatembea kama mchezaji mpira mstaafu.

Sasa sikiliza ya jana. Nilikuwa nahudumia wateja, nikaona wote wamegeuka mlangoni. Mama yako huyo, kitambaa kipya kichwani, kamba mkononi. Wametoka nyumbani kwa miguu, kwa ruhusa ya daktari, wamepumzika mara nne. Mkono wangu, kwa mazoea, ukakata kipande cha steki, nikainama. Meneja aliitaka, tusidanganyane. Mama yako akaniwekea kiganja mbele.

"Kaka, hiyo wakatie wageni. Sisi tumekuja kupima."

Na Meneja akageuka, akatoka, akapanda mizani peke yake, akaketi akinitazama kama mkaguzi. Mama yako akacheka hadi akajishika mbavu. Kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu siku tuliyokusindikiza. Leo asubuhi amepita tena, akielekea kwenye kikundi cha ushonaji.

Nisamehe, mwanangu. Mama yako anakusalimu, pia binamu zako mapacha, na fundi baiskeli, ambaye anadai kona yake ndiyo iliyomponya mbwa. Nisalimie huyo mwenzako wa chumbani. Mungu akulinde, akupe usingizi mwema na mifupa imara. Nawe kula vizuri huko, usile kitu kimoja.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye kwa nyama na mfupa.