Tulipoufuata Mto Gucha

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Keroka

Tumetoka Kisii saa tatu asubuhi. Likizo ya kwanza tangu tuoane, miaka sita. Mpango ni wa Rashad: tuone mto Gucha unakoanzia, kwenye vilima vya Kiabonyoru, halafu tuufuate kwa gari hadi Ogembo na Kenyenya. Mimi nilitaka Mombasa. Lakini tangu mimba ilipotoka Januari tunapishana nyumbani kama wapangaji. Popote ni sawa, mradi tuwe wawili.

Keumbu tulisimama kununua ndizi. Mama muuzaji alikuwa anatupigia kelele za biashara, kama wenzake wote. Alipoinama dirishani akamwona Rashad, sentensi ikakatika katikati. Akasema polepole, "Onyiego?"

Rashad akacheka. Akamwambia hapana mama, umenifananisha.

Yule mama hakucheka naye. Alizunguka upande wangu, akaniwekea ndizi mapajani. Upande wa Rashad hakurudi tena.

Hapa gesti, msichana wa mapokezi anaitwa Lorna. Alikuwa ameshatupa ufunguo wa chumba namba nne. Rashad alipovua kofia ili aandike jina, Lorna akauchukua tena ule ufunguo, akatoa mwingine. Nilimuuliza kisa. Alisema namba nne kulikuwa na dereva mmoja wa lori la ndizi aliyezoea kulala humo. "Siwezi kuwapa hicho, dada. Nisamehe tu."

Chumba tulichopewa kinavuja. Baridi ya Keroka si mchezo.

Jumanne, 5 Agosti. Nyamira

Asubuhi nzuri. Majani chai pande zote mbili za barabara, yamelowa umande. Rashad aliendesha huku akipiga mluzi. Hajapiga mluzi tangu Januari.

Mjini Nyamira tulikuwa tunavuka barabara kwenda kunywa chai. Mtu akaita nyuma yetu, kwa nguvu: "Onyiego!"

Rashad aligeuka. Kabla hajafikiri. Kama mtu aliyeitwa jina lake.

Aliyeita alikuwa kijana wa kituo cha petroli, jina Ronny limeshonwa kwenye ovaroli. Walitazamana. Ronny akaweka mkono mdomoni, akaingia ofisini, akafunga mlango.

Tulikunywa chai. Mwishowe nikamuuliza kwa nini aligeuka. Akasema hajui. "Mwili uligeuka, Istarlin. Mimi nilikuwa bado."

Niandike hapa ninayoyajua. Mzee Gulled, Mungu amrehemu, na Mama Mariam walimlea Rashad, hawakumzaa. Hata yeye anajua. Aliambiwa mama yake alifariki akimzaa, nao wakamchukua akiwa na wiki chache. Ni Mkisii, si Msomali kama sisi, na si siri, uso wenyewe unasema. Lakini wa wapi, wa nani, hajawahi kuuliza. Alisema wazazi anao.

Jumatano, 6 Agosti. Nyamira bado

Tulipanda Kiabonyoru kwa miguu na mwenyeji mmoja. Ukungu mzito. Chemchemi yenyewe ni ndogo, mtu anairuka. Rashad alipiga magoti akanywa kwa viganja. Akanywa tena. Nilimwambia inatosha. Akainua uso umelowa na kuniambia maji haya anayajua ladha yake.

Wakati anafunga viatu nilisogea pembeni nikampigia Mama Mariam. Nikamuuliza: mama, Onyiego ni nani?

Akanijibu kwa swali:

"Mko wapi?"

"Nyamira, mama."

"Rudini kwa barabara hiyo hiyo mliyoendea. Msiteremke Kenyenya."

"Kwa nini?"

"Nilimpa mtu neno langu," akasema. Akakata. Nimempigia mara tano. Hachukui.

Nilimweleza Rashad yote. Sikuona haki kumficha. Alisikiliza, akakunja ramani vizuri, akasema kesho tunateremka.

Alhamisi, 7 Agosti. Ogembo

Tumepita Kisii bila kusimama. Nililiona duka letu kwa mbali, nikatamani kushuka. Ogembo tuliuona mto. Si ile chemchemi tena. Ni mpana, rangi ya matofali, na unanguruma chini ya daraja.

Tukaingia hoteli ya chakula karibu na daraja. Mwanamume wa makamo alikuwa peke yake na sahani ya matoke. Alimtazama Rashad, akatoka nje, akasimama juani. Baada ya muda akarudi. Akajitambulisha: Obwocha. Akaomba kitu kimoja tu, amguse Rashad mkono.

Rashad akampa. Yule mtu akaushika kwa mikono yake miwili, akaubonyeza kama mtu anayechagua parachichi.

"Una joto," akasema. Ndipo akakaa.

Alisema alikuwa na Onyiego siku ya mwisho. Dereva wa lori la ndizi, Keumbu, Keroka, Nyamira, kila mtu alimjua. Ilikuwa mvua kubwa za mwaka jana. Daraja la mbao kule kwao lilikuwa limefunikwa na maji. Obwocha alimwambia angoje. Onyiego akasema hawezi kungoja, anaenda Kisii, ana mtu wa kumwona. Mto ukamchukua. Hawakumpata.

Nikauliza tarehe.

Tarehe thelathini Aprili, saa nne hivi asubuhi.

Rashad hakunitazama. Mimi pia sikumtazama. Tarehe thelathini Aprili mwaka jana, asubuhi, Rashad alianguka dukani kati ya mabunda ya vitambaa. Alikuwa anakabwa, mikono ikipiga hewani. Nilimbeba na wateja wawili mpaka hospitali. Daktari alimpima kifua chote, hakuona kitu. Nakumbuka tarehe kwa sababu ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mama yangu na sikumpigia simu.

Obwocha ametupa njia ya kufika kwao.

Ijumaa, 8 Agosti. Kwa akina Onyiego, ng'ambo ya Kenyenya

Boma safi, migomba mpaka chini mtoni. Mto unasikika ukiwa popote hapa. Hata ndani.

Mama mzee anaitwa Drusilla. Alikuwa anachambua maharagwe. Alimwona Rashad akishuka kwenye gari na hakushtuka. Aliweka ungo chini, akajifuta mikono. "Wewe ndiye wa pili," akasema.

Mapacha. Miaka thelathini na tatu iliyopita. Drusilla alikuwa mgonjwa sana, maziwa yalitosha mmoja. Mama Mariam alikuwa akiuza vitambaa soko la Kenyenya siku zile, walikuwa marafiki. Drusilla akampa yule mdogo zaidi, kwa sharti kwamba kila mmoja akae na wake, wasisumbuane. Kumbe mama mzazi hakufa. Ni Mama Mariam aliyeona ni heri mtoto aambiwe hivyo.

Drusilla alitunza siri mpaka asubuhi ile ya Aprili. Sijui kwa nini siku hiyo. Akamwambia Onyiego: una ndugu, yuko Kisii, ana duka. Hakungoja hata chai.

Rashad aliinamisha kichwa mpaka magotini. Alikuwa anakuja kwangu, akasema. Alirudia. Alikuwa anakuja kwangu.

Mjane wa Onyiego, Phanice, alisimama mlangoni mwa nyumba yake muda wote huo. Ni mdogo kuniliko. Alikuwa anamtazama Rashad anavyopumua.

Kaburi liko nyuma ya jiko. Kwa kuwa hapakuwa na mwili walizika shina la mgomba. Majirani wawili walikuja mpaka uani, wakamwona Rashad amesimama pale, wakarudi walikotoka.

Halafu mtoto wa Phanice na marehemu. Gesare, miaka mitatu. Alitoka kwa mbio akamkumbatia Rashad mguu. "Tata," akasema. Baba. Phanice akafungua mdomo amrekebishe, akaufunga. Nilingoja Rashad amrekebishe. Alimbeba.

Leo Ijumaa hakuulizia msikiti. Jioni wameikaribisha Sabato kwa wimbo na yeye akasimama nao. Nilimwambia kando: kesho asubuhi tuondoke. Akanijibu vizuri kabisa, kwa upole, kwa Kikisii. Sijawahi kumsikia akinijibu kwa Kikisii. Hakugundua.

Jumamosi, 9 Agosti

Saa nane mchana. Naandika ndani ya gari, dirisha liko wazi. Funguo ninazo mimi.

Wametoka kanisani na watu wengi, viti vimejaa uani. Rashad yuko katikati, amevaa koti la marehemu kwa sababu lake lilichafuka tope. Limemkaa kama alipimwa. Phanice ndiye aliyelileta. Amenipita hapa akasimama, akasema, "Dada, mimi sijamwomba kitu." Najua hajaomba. Nilimwambia najua. Macho yake yalikuwa mekundu, na mimi pia.

Sasa amesimama Mzee Nyasani, kaka wa baba yao. Wamenyamaza, nasikia kila kitu. Anasema wanataka kujua kama wafukue lile shina, kwa kuwa boma haliwezi kuwa na kaburi la mtu ambaye sura yake imekaa kwenye kiti. Anasema nyumba ya mwanawe, ya Onyiego, haina mwenyewe. Kisha amemgeukia Rashad.

"Tuambie mwenyewe. Ulikuja kututembelea, ama umerudi?"

Nasikia mto tu.

Rashad ameangalia huku garini. Nimeinua mkono wenye funguo. Ameniona, najua ameniona.

Nyasani ameuliza mara ya pili.

Rashad ameinama. Nilidhani analia—hapana. Anafungua kamba za viatu, kimoja, halafu cha pili, taratibu, kama mtu aliyefika kwake. Amekanyaga majani kwa miguu mitupu.

Gesare ameviokota viatu. Vyote viwili, amevikumbatia kifuani. Anakwenda navyo. Ameupita mlango wa bibi yake. Anakwenda kwa mama yake, nyumba ya Onyiego.