Jumamosi Atanifuata Nani

Jumatatu, 8 Septemba

Nimefika. Masele alinivusha kwa kivuko kutoka Sengerema, tukachukua teksi mpaka hapa hotelini, Ilemela. Akanifungulia kiti, akanikalisha, akatazama ziwa kidogo. Akasema anawahi kivuko cha kurudi. Jumamosi atanifuata. Nikamwambia haya.

Ni semina ya watu wa viti vya magurudumu. Kanisa ndilo lililoniandikisha. Ukumbi mzima tumekaa, hakuna wa kunitazama kwa juu. Chakula cha mchana sangara na wali. Nimekula kwa sababu kilikuwepo.

Jioni nimefungua begi. Masele ndiye aliyelipanga. Ameweka nguo zangu zote — hata sweta, hata vitenge vya harusi. Semina yenyewe ni ya wiki moja.

Labda hakujua achague zipi. Waume ndivyo walivyo.

Jumanne, 9 Septemba

Jana nililala kitini.

Nyumbani ikifika saa ya kulala, Masele au mdogo wake hunibeba mpaka kitandani. Basi na hapa nikangoja wa kuja kunibeba. Precious, ninayelala naye chumba kimoja, akadhani ndivyo nilivyozoea. Akazima taa, huyo, akakoroma. Asubuhi ananiuliza, sasa wewe ulikuwa unamngoja nani? Amecheka mpaka akakohoa. Yeye alipata polio utotoni, anatengeneza simu huko Nyakato, na mdomo wake hauna likizo.

Amenifundisha. Vitanda vya hapa viko usawa na kiti. Funga breki kwanza. Mkono mmoja godoro, mwingine kitini, inua tako, vuka. Mara mbili nimeshindwa, ya tatu nikavuka. Akanipigia makofi. Nilidhani nitafurahi. Wapi.

Bafuni kioo kimetundikwa chini. Nyumbani kiko juu, cha Masele cha kunyolea ndevu. Sijauona uso wangu tangu nilipoanguka kutoka juu ya magunia ya pamba, msimu wa mwaka jana. Nimejaa mashavu. Nina mvi mbele. Nikajitazama kama mtu niliyewahi kumwona gulioni. Nikanawa, nikatoka.

Jumatano, 10 Septemba

Mwalimu wetu anaitwa Venant. Zamani dereva wa lori, sasa yuko kwenye kiti kama sisi, nacho amekifungia honi ya baiskeli. Somo la leo breki. Mtu akikisukuma kiti chako bila kukuuliza, anasema, ni sawa na aliyekushika kiuno sokoni. Funga breki. Asogee mbele, mtazamane, aseme anachotaka. Wote wakacheka. Mimi nilikuwa nahesabu — nani amewahi kuniuliza? Sikupata hata mmoja.

Alasiri wenye hoteli walitukaribisha chai. Mama Sushila naye yuko kwenye kiti, kiharusi. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, kula kachori. Akatuambia ngazi zilivunjwa kwa ajili yake, lakini mumewe, Mzee Mansukh, alichelewa sana. Miaka mingi alikula peke yake ghorofani akisikia wageni wanacheka chini. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa hapo hapo. Akakoroga chai yake.

Kikombe changu kiliinama. Chai ya moto yote pajani, nami naendelea kumsikiliza mama. Precious ndiye aliyeona kitenge kinatoa mvuke. Wakapiga kelele, wakaleta maji. Ngozi imekuwa nyekundu, pengine itatoa malengelenge. Kila mtu alinionea uchungu isipokuwa mimi.

Nimempigia Masele nimweleze. Inaita. Hapokei.

Alhamisi, 11 Septemba

Mashimba amepiga. Mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama.

Alianza kwa kuniuliza hali, akaniuliza tena hali ile ile, nikajua. Wajomba wa Masele walikwenda jana kwa baba. Wamesema mke wamemrudisha, wanataka ng'ombe zao za mahari. Kwamba nimeshatoka nyumbani na nguo zangu zote, tena kwa amani.

Kwa amani. Na sweta.

Sasa shida ya Mashimba. Ng'ombe zangu hazikukaa kwa baba. Mwaka ule ule zilitolewa kwa kina Hellen, ndipo Mashimba akamwoa Hellen. Ndivyo tunavyofanya kwetu, dada akiolewa kaka naye anapata jiko. Zikidaiwa zangu, na zile za kule zitadaiwa, Hellen arudi kwao. Hellen ana mimba kubwa. Ningekuwa na mtoto, wazee wangeona haya kuzidai. Sikujaliwa.

Mashimba anasema ameshapanga. Jumamosi atakuja yeye na gari la kukodi. Hatanipeleka kwa baba. Atanipeleka moja kwa moja kwa Masele, aniache uani mchana kweupe, majirani waone. Tuone kama watathubutu kukutoa, dada. Wewe ukae tu.

Ukae tu. Kana kwamba ninalo lingine la kufanya.

Nikamwambia sawa. Nikaenda kula. Ilikuwa maharage.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimempigia Masele tena. Amepokea! Akasema yuko shambani, mtandao mbaya. Nikamuuliza kesho anakuja? Akasema tutaongea. Nikasikia sauti ya mama yake nyuma, na kuku. Shamba gani lile.

Nimewaza nilie. Nimefunga mlango wa bafu kabisa, nikajipanga mbele ya kioo. Machozi hayakuja. Nikapiga mswaki.

Precious ameniona napanga begi, akanivuta maneno mpaka nikasema yote. Kwa mara ya kwanza wiki hii hakucheka. Akasema chumba chake Nyakato kina kizingiti kimoja, na nyundo anayo. Kuna wenye cherehani za mkono pale jirani, nami si nilikuwa nashona? Kitanda ni kimoja. Nakoroma, akasema, lakini ushazoea. Nilimwambia anipe kile kitenge cha kijani kilichoanguka.

Ningesema ndiyo, Mashimba na Hellen ingekuwaje? Nikirudi kwa Masele nitakaa uani mpaka lini? Nawaza haya na moyo umetulia tuli. Ndicho kinachoniogopesha.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimejipandisha kitini mwenyewe, nikavaa, nikatoka na begi mapajani, upande usioungua. Wengi wameshaondoka. Precious hajaondoka. Anasema anamngoja mwenye bajaji, lakini hajapiga simu yoyote.

Masele hakuja.

Mashimba amekuja saa nne, amevaa shati lake la kanisani. Akanisalimia shikamoo dada, macho yake yakiwa kwenye begi. Amekonda. Akasema twende upesi, tuwahi kufika watu wakiwa bado nje. Akazunguka nyuma yangu, akashika kiti, akasukuma.

Hakikwenda. Akasukuma tena. Akainama kutazama kama kuna jiwe.

Kimeharibika? akamuuliza Venant aliyekuwa mlangoni. Venant akapiga honi yake mara moja. Akamwambia mimi si fundi, muulize mwenyewe.

Hapo nikatoa daftari. Mkono mmoja ulikuwa na kazi, mwingine ulikuwa huru. Nimeandika yote haya yeye amesimama nyuma yangu na dereva anapiga honi nje. Amesema dada usinifanyie hivi, Hellen amebakiza wiki chache. Najua. Nilimbeba mgongoni huyu, njia yote ya kisimani. Sikuwahi kumuuliza kama anataka.

Sasa amekuja mbele. Amechuchumaa mpaka macho yetu yamekuwa sawa. Hajawahi kufanya hivyo tangu nianguke. Anatokwa jasho, nami kuna kitu kinanichoma kifuani, kinachoma kweli kweli.

Ameniuliza: Dada, nikupeleke wapi?

Precious amekohoa. Mkono wangu wa kushoto bado uko kwenye breki.