Taa ya Kukuza Miche

Mwanangu kipenzi,

Mimi mzima, goti tu linasumbua. Lile hema la kuoteshea miche ndani ya nyumba ulilonitumia nililisimamisha chumbani kwako, kitanda nikakitoa. Taa ya kuipa miche mwanga nilichagua ya bei nafuu, boksi limeandikwa wati elfu. Fundi umeme akaipima, akacheka: "Mama, hii haifiki hata mia." Miche ya nyanya ikarefuka kama uzi kwa kukosa mwanga, ikaanguka.

Ukaniambia kwenye simu, "Mama, si ungesoma vizuri?" Kusoma nilikuachia wewe.

Ulisema zikiiva utakuja kuzila. Usizisingizie nyanya, baba, sema tu huji. Wewe nilikukuza kwa kibatari, na ukanyooka.

Hema nimelikunja. Kitanda nimekirudisha, shuka ni safi.

Ni mimi mama yako, bado nipo.