Mwandishi wa Ile Habari ya Mchicha

Mbwana,

Barua huanza kwa kuulizana hali, na yako siwezi kuiuliza. Basi nakupa yangu. Nimerudi leo mchana kutoka kwenu Pangani, kwenye arobaini yako, na viatu bado sijavua. Nimekaa kitandani bwenini, mgongo ukutani, ili nimwone kila anayeingia. Usinicheke. Tangu ulipoondoka nimekuwa mtu wa kuangalia mlango.

Huku mengi yamebadilika. Gazeti letu la ukutani halipo tena, ubao umebaki na misumari tu. Klabu ya mdahalo sasa hupeleka mada kwa Mkuu wa shule wiki nzima kabla, naye huirudisha imekatwakatwa kwa wino mwekundu. Juzi tulijadili kama mswaki wa mti ni bora kuliko wa dukani. Watu na ndevu zao, Mbwana! Kwenye maigizo anakaa mwalimu na daftari, hata yule anayeigiza bibi harusi kwa kanga za mama yake anaogopa kudeka. Skauti tu ndio walioachwa, kwa sababu wao hupiga saluti.

Na bustani? Mchicha unaota, na mpishi wa Mkuu bado anakuja na kapu lake.

Unakumbuka siku nilipokuletea ile karatasi yenye kichwa "Mchicha Wetu Una Miguu"? Uliisoma umesimama. Ulipofika pale niliposema kwamba klabu ya bustani inamwagilia mboga zinazotembea zenyewe mpaka jikoni kwa Mkuu, ukakaa chini. "Athumani, utatufukuzisha wewe," ukasema, na machozi ya kicheko yanakutoka. Kisha ukainakili kwa mwandiko wako, kama ulivyonakili za wote. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yako ya uhariri: kila habari iandikwe upya kwa mkono wako, karatasi ya mwenyewe ichomwe, asijulikane nani kaandika nini. Chini ukaweka jina langu la kubuni, Kunguru. Wewe na mimi tu ndio tuliojua Kunguru ni nani.

Kesho yake gazeti likabanduliwa, na kabla ya adhuhuri ukaitwa ofisini. Wewe moja kwa moja, hakuulizwa mwingine. Ukachapwa viboko sita, ukarudishwa nyumbani muhula haujaisha, na barua ya kumpa baba yako. Nami nikajiambia, kuna mtu kasema. Nikaanza kumtafuta.

Nikwambie ukweli, wa kwanza kumshuku ulikuwa wewe. Niliona viboko sita vinatosha kumfungua mtu yeyote mdomo. Kila mlango ulipogongwa nilidhani naitwa mimi. Asubuhi ulipobeba sanduku kwenda kungoja basi pale Pongwe, nilijifanya naumwa tumbo, nikakuchungulia dirishani. Nilitaka kuona kama utageuka kulitazama bweni letu. Ukigeuka, nilisema, basi ameshanitaja. Hukugeuka, na hilo nalo nikalishuku.

Likizo ikaja, homa ikakuchukua. Sisi tuliambiwa mstarini siku shule ilipofunguliwa, kwa sentensi moja. Sikulia. Nasema kwa aibu, jambo la kwanza lililonijia ni kwamba sasa hakuna anayejua. Mungu anisamehe. Machozi yalikuja siku tatu baadaye, nilipoona kijiko chako bado kimo ndani ya kikombe tulichokuwa tukinywea pamoja.

Baada ya hapo nikamgeukia Seif wa skauti, yule mtoto wa mwenye duka. Siku ile ya viboko alionekana mlangoni kwa Mkuu, na kwangu hilo lilitosha. Niliwaambia wenzetu wamtenge. Kwa wiki mbili hakuna aliyekaa naye mezani, akitoa salamu tunaitika nusu. Mwishowe akanibana stoo ya skauti, macho mekundu. "Nilikwenda kurudisha bendera," alisema. "Nilimkuta Mkuu kaweka gazeti mezani, na daftari la jiografia la Mbwana kando yake, anatazama hili na hili. Nani asiyeujua mwandiko wa Mbwana? Msaliti mnamtafuta wa nini?"

Hapakuwa na msaliti. Kanuni yako ya kutuficha sote ndiyo iliyokuweka wewe peke yako hadharani, na sisi wajanja wa shule nzima hatukuliona. Hata hivyo Seif sikumwamini papo hapo. Nilikwenda kumuuliza mwenzake kama kweli bendera ilirudishwa siku ile. Ilirudishwa.

Ndipo nikaomba ruhusa nije arobaini. Mama yako alinipokea mlangoni. "Pita, mwanangu. Ndiwe Athumani? Alikuwa akikutaja kila siku." Ukinitaja kwa lipi? Nilikula pilau ya khitma yako nikiwakagua watu nyuso, nani ameambiwa na nani hajaambiwa.

Hakuna aliyeambiwa. Hata baba yako. Watu walipopungua aliniita barazani, nikamwamkia shikamoo, akaitika kwa sauti ya chini. "Mwanangu, wewe ulisoma naye. Niliposoma barua ya Mkuu nilijua yale maneno si ya kwake, nikamuuliza nani aliyeyaandika. Nikamuuliza mara tatu, akanyamaza. Nikamwambia, mwana wa kunificha mimi, sina radhi naye. Wiki ile ile homa ikampanda. Kafa sijaitamka radhi. Kila nikitaka kuitamka najiuliza, nimsamehe lipi, nami silijui?"

Ulikubali kuikosa radhi ya baba yako ili mimi nibaki shule. Na wakati huo huo mimi nilikuwa nimekaa huku nahesabu siku, nasubiri unitaje. Nakupenda, ndugu yangu, na sijui niuweke wapi uso wangu.

Nikasema, "Ni mimi, baba. Yeye alinakili tu." Akasimama, akageukia upande wa makaburini, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mbwana mwanangu, radhi zangu zote ziko nawe. Nimekusamehe, nawe nisamehe mimi." Mama yako ndani akaangua kilio mpaka majirani wakarudi.

Nilipomuaga baba yako nilimpa mkono, hakuupokea. "Siku zote hizi ulikuwa wapi?" aliniuliza. "Kule shuleni mwanangu bado ni mchochezi. Kamsafishe kule kwanza, kisha uje nikupe mkono."

Kesho ni Jumatatu. Najua naweza kufukuzwa, na mama yangu huko Makorora bado sijamwambia neno. Nimemshuku kila mtu muhula mzima, na nilipomaliza kuwachunguza wote nimejikuta nimebaki mimi. Sijiamini, Mbwana. Kwa hiyo nimemwomba radhi Seif, nimemweleza yote, na kesho asubuhi atanisindikiza mpaka mlango wa Mkuu, nisipate pa kukwepea. Alikubali upesi mno, sikupenda.

Lala salama, ndugu yangu. Mungu akupe kauli thabiti. Nakuahidi nitasema kabla sijaulizwa, mbele ya yeyote atakayekuwepo. Kisha nitapanda basi la Pangani kuufuata mkono wa baba yako, na asiponipa, nitakaa pale barazani mpaka anipe.

Athumani