Tanuri Aliloacha Thadeo

Masaki, Kisarawe
3 Septemba 1980

Mwanangu Yosefina,
Pokea salamu zetu. Huku hatujambo, hofu ni kwako uliye Kibaha. Baba yako mdogo Thadeo tumeshamzika, ila ametuachia tanuri la mkaa. Moshi umekatika, udongo wa nje umepoa. Mimi mtu wa mikorosho, nikilikaribia naogopa. Yeye alianza kulifukua pembeni, sababu sikumuuliza. Wewe mwalimu wa fizikia, niambie moto hupoaje.
Baba yako

Kibaha
9 Septemba

Baba mpendwa,
Shikamoo. Mimi mzima, ila nimemlilia sana Baba Mdogo. Habari ya moto umeniuliza wakati wake, maana nimesoma jambo katika jarida hapa shuleni. Galaksi, yaani mikusanyiko mikubwa ya nyota, hukaa pamoja kama kijiji. Baina yake kumejaa gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Katikati gesi imesongamana, hutoa mwanga mwingi usioonekana kwa macho, basi hupoa kwanza. Ikipoa msukumo wake hulegea, na ile ya nje kwa uzito wake hutiririka polepole kuja katikati. Nilikosa usingizi kwa furaha.
Mwanao

Masaki
15 Septemba

Mwanangu,
Marahaba. Sisi wazima. Mdogo wako Ponsiano ametusomea barua kwa sauti, na mama yako akataka irudiwe. Kumbe katikati hupoa kwanza, na Thadeo alijisumbua bure pembeni. Jumamosi tutapanda juu tufukue katikati. Bado naogopa, lakini wewe umesoma.
Baba yako

Kibaha
Ijumaa, 19 Septemba

Baba,
Shikamoo. Msipande. Niliwaza ya angani nikasahau tanuri lenu. Gesi ile haikufunikwa. Joto lake hutoka pamoja na mwanga. Ninyi mna udongo juu: nje hupoa, katikati moto unabaki, na magogo yameshaliwa, chini hakuna cha kuwashikilia. Nimebanwa na usimamizi wa mitihani, nampa barua Melkiori wa lori la korosho. Ataondoka alfajiri akipata dizeli. Naogopa, Baba.
Mwanao

Masaki
21 Septemba

Mwanangu,
Mama yako na mimi tu wazima. Melkiori alifika jana adhuhuri. Asubuhi hiyohiyo, kabla hajafika, nilisimama chini ya tanuri, nikarudi nyuma. Ponsiano akacheka. Akasema, “Baba, dada ameshaandika,” akapanda yeye. Udongo ulimmeza hadi mapajani.

Yuko hospitali, na miguu daktari hajatuahidi kitu. Mdogo wako hakulaumu wewe. Kila tukienda anataka asomewe tena ile habari ya gesi, anasema kuna mahali hakusoma vizuri. Njoo umwambie mwenyewe kwamba alisoma sawasawa. Mimi nimeshindwa.
Baba yako